Kuku wa Wifi, Ukoka Wangu

9 Februari

Wifi yangu,

Mmeamkaje huko? Magoti ya mama yanaendeleaje, na huyo kaka yangu fundi umeme, bado anawasha taa za mji mzima huku ya jikoni kwake imekufa? Sisi tupo. Shemeji yako yuko barabarani na lori lake; akija ni kubadilisha shati na kuuliza kama kuna chai. Mimi nimezama kwenye mapazia. Kuna hoteli imeagiza yale mazito ya kuzuia jua, na kitambaa chenyewe kinavunja sindano kila siku.

Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu mama anakuwa amekaa ubavuni pako, na haya ninayotaka kusema si ya ubavuni.

Nimesikia mna kuku. Nimesikia kwa kaka, tena kwa kuteleza ulimi, alipokuwa anajisifia mayai. Nikamwuliza mayai ya wapi. Akasema ya nyumbani, ya kuku wa mama, wanakaa uani.

Wifi, uani kwetu hakuna pa kuweka kuku. Uani kwetu kuna ukoka. Ule ukoka nimeupanda mimi, shina moja moja, mwaka niliomaliza shule, maana kabla ya hapo palikuwa tope na mama alikuwa hawezi kukaa nje bila kuchafua miguu. Asumini ya ukutani ni yangu. Mnanaa wa karibu na bomba ni wangu. Mwaridi nao niliuomba kwa mke wa daktari, kijiti cha urefu wa kidole, nikaja nacho nimekifunga kwenye leso iliyolowa. Sasa mmeniletea kuku. Kuku ni jembe lenye miguu, wifi, tena halichoki.

Na lililonichoma zaidi si hilo. Nilipokuwa mdogo nilimlilia mama anifugie kuku hata mmoja. Akaniambia kuku na maua hawakai ua mmoja, nichague. Nikachagua maua. Leo naambiwa ana kuku, na kila mmoja amempa jina.

Unajua vizuri kwamba nimemwomba mama aje kukaa nami. Chumba nimekipaka rangi, mapazia nimemshonea. Kila nikiuliza naambiwa bado anafikiri. Mtu mwenye kuku anafikiri mpaka lini? Nieleze, na usinipake mafuta.

Wifi yako wa mapazia


2 Machi

Wifi yangu kipenzi,

Barua yako ilifika imekunjwa kwa hasira, nikainyoosha kwanza ndipo nikaisoma. Mama hajambo, goti la kulia linamsumbua asubuhi tu. Kaka yako hajambo, na taa ya jikoni bado imekufa. Anasema leo, anasema kesho, mimi napika nikitazama moto wenyewe. Shuleni tumepewa sufuria jipya, kubwa kiasi kwamba wapishi wote tukiinama kulisugua tunapotelea ndani. Watoto wanakula na kulalamika, kwa hiyo ni wazima.

Salamu zako nilimsomea mama zote. Maneno yaliyofuata niliyakunja, sikumsomea.

Kuku wamekuja hivi. Shule ilikuwa na banda la kuwafundishia watoto, likabomolewa ili pajengwe choo. Mwalimu mkuu akasema mpishi achukue kuku. Mimi nilitaka kuwauza siku ile ile. Mama ndiye aliyesema waache wakae. Wapo watano, wote majike, jogoo hatukumtaka kwa ajili ya usingizi wa majirani.

Kuhusu ukoka wako, lala usingizi. Ni mzima, tena umekuwa mnene kuliko ulivyouacha. Unajikuza wenyewe, mimi siugusi. Asumini inachanua. Mnanaa nauchuma kila siku na hauishi. Ukiniuliza imewezekanaje, nitakujibu kwamba mama na mimi tuna namna yetu.

Na usidhani kwamba umesahaulika hapa. Nikipogoa mwaridi naambiwa wewe ulikuwa unaupogoa vizuri zaidi. Nikimwagilia, wewe ulikuwa unamwagilia taratibu. Kuna siku nilipangusa dirisha, nikaambiwa binti yake alikuwa akipangusa dirisha mtu anagonga kichwa kwa kudhani halina kioo. Kivuli chako kinakaa kwenye kiti hapa na mimi nakipisha.

Kuhusu chumba, mama anasema rangi ikauke vizuri kwanza.

Wifi yako wa jikoni


28 Machi

Wifi,

Habari za hapo na habari za goti. Mwambie mama alikande kwa maji ya moto, wala asikubali kufungwa kitambaa kinachobana. Huku hatujambo. Hoteli wamechukua mapazia yao, wakanirudishia mawili kwa madai kwamba yanafika chini mno, na mimi niliyakata kwa vipimo vyao wenyewe. Shemeji yako amepita, amekunywa chai, ameondoka.

"Mama na mimi tuna namna yetu." Nimelisoma hilo neno nikiwa nimekaa, nikiwa nimesimama, na nikiwa nashona, na kila mara linanichoma mahali papya. Mimi na mama tulikuwa na namna yetu kabla hujajua nyumba yetu iko mtaa gani. Sitaongeza neno hapo.

Jambo jingine. Nina jirani yangu, mwanamke mwema sana, ambaye mteja wake amempa kuku wanne. Ana ukoka mzuri nyuma ya nyumba na mimea kadhaa. Anaogopa kuku wasije wakachakura kila kitu. Nilipomwambia kwamba wifi yangu anafuga, akaniomba nimwulizie mnafanyaje. Kaka alinitajia kizimba. Kinatengenezwaje? Kinakaa wapi? Mweleze tu kwa ufupi, ni mtu wa kuelewa haraka.

Na jingine la mwisho. Mama amekubali kuja kunitembelea mwezi wa saba. Aliniambia mwenyewe, wewe ukiwa kazini. Ni matembezi tu, lakini mtu akishaona chumba kizuri, na ukoka, na pengine na kuku wa jirani wa kuwatazama, anaweza kusahau njia ya kurudi.

Wifi yako wa mapazia


3 Mei

Wifi yangu kipenzi,

Usinihesabie siku, nilitingwa. Shule zilifungwa, zikafunguliwa, wakatuletea maharage yenye mawe mengi tukawa tunachambua mpaka macho yanavuja maji. Kaka yako aliteleza kwenye ngazi, hakuumia, ameumia roho tu kwa sababu mafundi wenzake walimwona. Taa ya jikoni usiulize.

Mama ameshafunga mfuko wake. Mwezi wa saba bado uko mbali, na mfuko upo mlangoni. Nimemwona akikunja magauni, akiyakunjua, akiyakunja tena, na anaimba. Sijui kama nina haki ya kukuambia hili, lakini nilirudi jikoni nikakaa kwenye kigoda, nikaona wivu mpaka nikasikia joto masikioni. Kuimba, mimi hajaniimbia.

Sasa huyo jirani yako. Mwambie atengeneze kizimba cha mbao nyepesi, urefu kama wa kitanda, kimo cha gotini. Pande zote na juu azungushie waya wenye matundu madogo. Chini asiweke sakafu, kuku wakanyage ukoka wenyewe, waudonoe, na mbolea yao ianguke hapo hapo. Aweke vishikio viwili, huku na huku. Kila mmea aupangie mawe bapa shinani, maana kuku hapendi mguu wake ugonge jiwe. Kwenye kona awatengenezee mchanga na majivu ya kuogea, wasije wakachimba bafu lao kwenye maua. Jioni, jua likikaribia kuzama, awafungulie kidogo. Giza likiingia wanarudi wenyewe. Kizimba akiweke mahali penye kivuli. Basi.

Nikuchekeshe. Kati ya hawa watano kuna mweusi mwenye maringo. Hali mpaka wenzake watoke, akipita anainua miguu juu kana kwamba ukoka una tope, na ukimsogelea anakupa mgongo. Huyo ndiye mama anayempenda kuliko wote, anamwekea punje mkononi. Anamwita Bibi Mdogo. Sijui jina amelitoa wapi.

Wifi yako wa jikoni


11 Juni

Wifi,

Salamu kwa wote. Huku wazima, kazi ipo, lori linakuja na kwenda.

Jina amelitoa kwangu. Usijifanye hujui, kaka amekuambia siku nyingi. Bibi Mdogo ni mimi. Mama aliniita hivyo mpaka nilipoolewa, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuitwa hivyo ndani ya nyumba ile. Sasa anaitwa kuku. Kuku anakula mkononi mwa mama kwa jina langu, na wewe umekaa unaniandikia kwamba unanichekesha. Sijacheka. Nimefunga cherehani nikaenda kusimama nje.

Habari za jirani si nzuri. Alitengeneza kizimba kama ulivyosema, waya, vishikio, kila kitu. Kwanza kuku walitulia. Baadaye ukoka chini yake ukawa wa njano, ukawa wa kahawia, kisha ukawa haupo. Sasa hivi katikati ya ua kuna mraba wa udongo mtupu unaonuka, na kuku wamekaa juu yake wananung'unika. Alipoona hivyo, akawafungulia mchana. Walichofanya siku hiyo sitaki kukisimulia. Mnanaa waliung'oa na mizizi.

Akajaribu kuzungushia mimea kwa mabaki ya pazia jepesi, lile la maua maua, ambalo nilimpa mimi kwa sababu lipo tele hapa. Kuku mmoja akatumbukiza kichwa, akatoka na kipande kimemfunika mpaka mkiani, akazunguka nacho ua mzima na wenzake wakimfuata nyuma. Watu walichungulia ukutani wakauliza anaolewa nani. Kila ninapofungua mlango wa jikoni asubuhi, yaani jirani anapofungua mlango wake, roho inamwuma.

Jirani anauliza kwa heshima zote: kuna kitu ulikisahau? Anauliza haraka kidogo, kwa sababu anatarajia mgeni mwezi ujao.

Wifi yako wa mapazia


20 Julai

Wifi yangu,

Natumaini mama alifika salama na mfuko wake. Kaka yako alisimama kituoni mpaka basi likapinda kona, akarudi nyumbani na, sijui nini kilimpata, akatengeneza taa ya jikoni. Sasa inawaka sana. Naona kila kitu, naona na kikombe cha mama kimefunikwa juu ya rafu.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata mapema. Nilianza kuijibu nikaacha. Kuhusu kizimba cha jirani yako, huwa kinahamishwa. Kila asubuhi watu wawili wanashika vishikio, wanakisogeza kwa urefu wake, kuku wanatembea ndani kwa ndani. Kikishazunguka ua wote na kurudi kilipoanzia, ukoka unakuwa umeshaota upya, tena kwa nguvu ya mbolea. Kikikaa mahali pamoja, kinaunguza. Nilidhani jirani yako anajua.

Asubuhi sasa nakihamisha peke yangu. Nashika upande huu nasogeza kidogo, nazunguka nashika upande ule. Kaka yako anatoka kabla sijaamsha kuku. Zamani mama alikuwa anashika kule mwisho, na tulikuwa hatusemi kitu, tunatazamana tu nani aanze kuinua.

Bibi Mdogo hataki kuingia kizimbani jioni. Anakuja mpaka mlango wa jikoni, anasimama. Namwekea punje mkononi, ananitazama kwa jicho moja, anaondoka. Huyu kuku mmefanana kweli.

Mama analala vizuri? Anakula? Anauliza habari za hapa, au ndiyo ameshapazoea huko? Nijibu upesi. Na kama amesema habaki wala harudi, bado anafikiri, niambie hata hilo.

Wifi yako wa jikoni


12 Agosti

Wifi,

Mama hajambo, amenenepa kidogo usoni, goti limetulia. Anakusalimu wewe na kaka. Shemeji yako alipokuja safari hii alikaa siku mbili nzima kwa ajili yake, jambo ambalo kwa ajili yangu halijatokea.

Nikusimulie alivyofika. Nilimpokea, nikamwingiza ndani, nikamwonyesha chumba, rangi, mapazia. Akayashika kitambaa, akasema ni mazuri. Kisha akasikia kuku. Nilijaribu kumrudisha kwenye kiti kwa maneno matamu, akanipita, akafungua mlango wa nyuma na kusimama pale. Aliuona mraba wa udongo, kizimba juu yake, na vipande vya pazia vinaning'inia kwenye mimea.

"Jirani mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

Kwa hiyo, wifi, yale ya jirani hukuyakunja.

Nikasema, "Mama, jirani ni mimi."

"Najua. Mkwe wangu hakukuambia kihamishwe?"

"Alisahau."

"Yule hasahau," akasema, akacheka mpaka ikabidi nimletee kigoda. Alipomaliza kucheka akavua viatu, akashika kishikio cha upande wake, akaniambia nishike wangu. Hivyo ndivyo tumekuwa tukifanya kila asubuhi. Nami sasa najua ile namna yenu ilikuwa nini, na wivu wangu haukupungua kwa kuijua, umeongezeka.

Maana tangu siku hiyo sikupumzika. Nikichemsha maji, naambiwa wewe unayachemshaje. Nikitandika kitanda, nikifungua dirisha, nikikohoa, ni wewe. Mimi ndiye nimemshonea mapazia. Mimi ndiye nimeinama naye nikimkanda goti. Siku moja niliingia chumba cha cherehani nikafunga mlango, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa. Aliyosema juu yako sitakuandikia. Nimeyameza moja moja na mengine bado yamenikwama.

Nilimwomba abaki moja kwa moja. Akasema atakuja tena ukoka ukishika. Sikusema naye mpaka jioni. Anapanda basi mwisho wa mwezi. Umeshinda, na sitaki unijibu kwa upole, maana upole wako ndio unaoniuma zaidi.

Wifi yako wa mapazia


9 Septemba

Wifi yangu,

Mama amefika. Alishuka na mfuko, na mto ulioshona wewe, na kipande cha pazia jepesi la maua maua, ambacho amekitundika kwenye dirisha la jikoni bila kuniuliza. Bibi Mdogo alimwona akija na akajifanya hakumwona. Jioni alikula mkononi mwake.

Umeniambia nisikujibu kwa upole. Haya.

Unasema nimeshinda. Nimeshinda nini? Tangu alipokanyaga hapa nimesikia habari zako mpaka nimechoka. Binti yake ana mkono, akichomeka kijiti ardhini kinaota. Chumba cha binti yake hakipenyezi hata uzi wa jua, alilala mpaka akaona aibu. Binti yake alimshika mkono kila waliposhuka ngazi, akijifanya ni yeye anayeogopa kuteleza, ili mama asijione mzee. Binti yake alimwambia ukweli wa jirani bila kumung'unya. Haya yote anayasema mimi nikiwa nimeinama na sufuria, hata kunitazama hanitazami.

Wifi, nimekaa na mwanamke huyu miaka kumi na mmoja. Mama yangu mzazi nilimzika nikiwa bado nasoma, unajua. Nilipoingia nyumba hii nilijiambia nimempata mwingine. Miaka kumi na mmoja naitwa "mkwe, chai," "mkwe, mlango," "mkwe, chumvi leo imezidi." Hajawahi kuniambia neno moja la kunisifu. Sifa zote ni zako, uliye mbali. Basi nilikuchukia kidogo, sitakuficha, kidogo kidogo kila siku, na barua zako za hasira zikanipa nafasi.

Lakini wewe unasema ulilia chumba cha cherehani kwa sababu ya sifa zangu. Sifa gani? Mimi sijazisikia hata moja. Jana nilikuwa namwagilia asumini, na likanijia: mama yetu humsifu ambaye hayupo. Aliye mbele yake humwagiza chumvi.

Ya kwako nimekwisha kukuandikia hapo juu, yote, sikubakiza. Nakuomba nami uniandikie yangu. Usikunje.

Aliyekuletea barua hii ana gunia dogo lililolowa. Ndani yake kuna mashina ya ukoka, nimeyang'oa pale chini ya asumini ulipoanzia wewe kupanda. Yapande kabla hayajakauka, na kuku uwaweke mbali mpaka yashike.

Wifi yako wa jikoni


30 Septemba

Wifi yangu,

Mwambie kaka kwamba taa moja haitoshi kumfanya mtu mwema. Shemeji yako ameleta mawe bapa kwenye lori lake, ameyapanga mwenyewe kuzunguka mimea, na sasa anaenda kuyatazama kila akija kabla hata ya chai.

Ukoka umefika ukiwa bado unyevu. Nimeupanda kwenye ule mraba, shina moja moja kama zamani, nikiwa nimepiga magoti, kuku wakinitukana kutoka kwenye kizimba. Umeshika.

Nilikaa na barua yako siku nyingi. Nilitaka kukuandikia nusu. Kijicho changu ni kikubwa, hakiishi kwa gunia moja. Lakini sikunji.

Alisema unaonja chai yake kabla ya kumpelekea, usije ukamwunguza, na unadhani hakuoni. Alisema siku goti lilipomkamata ulimbeba mgongoni mpaka bafuni, njia nzima unamsimulia umbeya wa walimu ili asione haya. Alisema ukoka ule haujikuzi. Unaamka kabla ya kwenda shuleni, unang'oa magugu kwa vidole, na ukimsikia anatoka unajifanya umeangusha kitu. Alisema hao kuku mwalimu mkuu hakukupa, ulikwenda kuwaomba, ukarudi tena kuwaomba, kwa sababu ulimwona anakaa siku nzima kutazama ukuta akinifikiria mimi. Hayo ya kutaka kuwauza uliyatunga mwenyewe.

Limebaki moja juu yako, na hili ndilo lililonifungia mlango wa chumba cha cherehani. Alipokuwa hapa, kila mara nilimsikia akisema, "mwanangu angekicheka hiki," "sijui mwanangu amekula," "huu mto nitamwonyesha mwanangu." Kila akisema hivyo mimi niliinua kichwa nikaitika. Akawa ananitazama kwa kushangaa. Nilichelewa kuelewa kwamba haniiti mimi.

Wifi yako wa mapazia